Zabibu zikirudishwa mlangoni mara mbili: ung'oe mzabibu au uendelee?

#1 Jembe la Mpunguzi

Mbukwenyi wakuu.

Nina hoja, naomba ipingwe kwa hesabu, siyo kwa kutiana moyo tu. Hapa Dodoma, kuanzia Mpunguzi na Mvumi hadi Hombolo na Chinangali, kuna mashamba ya zabibu yanageuka vichaka. Ukiuliza, habari ni ileile. Mwenye shamba alipeleka mzigo kwenye kiwanda cha divai, ukapimwa, akaambiwa sukari ndogo, rudisha. Msimu uliofuata akapeleka tena, akarudishwa tena. Msimu wa tatu hakupogoa.

Nasema hivi: mzigo ukirudishwa mara mbili mfululizo, ng'oa, panda alizeti. Alizeti haina mlango wa kukataliwa. Unakamua, mafuta yanauzwa, mashudu yanauzwa. Mzabibu unataka nguzo, waya, maji, dawa na kupogolewa mara mbili kwa mwaka, halafu tone moja la mchuzi (maji ya zabibu iliyokamuliwa) kwenye kioo cha kupimia sukari linafuta jasho la miezi minne.

Anayesema tuendelee, aniambie mkulima aendelee huku akibadilisha nini. Kurudia yaleyale si uvumilivu.

#2 Mama Kreti

Asante kwa uzi. "Sukari ndogo" bado si jibu, mkuu. Kabla gari halijageuka, mkulima aulize mambo manne na ayaandike palepale: briksi (kipimo cha sukari) ngapi zimesomwa, kiwanda kinataka ngapi kwa aina hiyo ya zabibu, sampuli imetoka kreti zipi, na mchuzi ulikuwa na joto kiasi gani.

Aliyesoma 17 akitakiwa 18 na aliyesoma 13 wote wanarudi nyumbani na neno "sukari ndogo", lakini matatizo yao hayafanani hata kidogo. Wa kwanza huenda alihitaji siku tano zaidi mtini. Wa pili ana shida shambani iliyoanza siku ya kupogoa. Ukiwaambia wote wang'oe, umemng'olesha mtu shamba kwa sababu ya siku tano.

#3 Kipimo Sahihi

Naongezea kwa #2 kuhusu kipimo chenyewe.

Briksi 1 ni gramu 1 ya sukari katika gramu 100 za mchuzi. Refraktomita ya mkononi hupima namna mwanga unavyopinda ukipita kwenye mchuzi, na imetengenezwa isome sawa kwenye nyuzi joto 20. Mchuzi ukiwa wa moto, inasoma pungufu. Kwenye nyuzi 30 inapungua karibu 0.7 hadi 0.8. Nyingine hujirekebisha zenyewe, nyingine hazijirekebishi, kwa hiyo soma maandishi yaliyo ubavuni. Mzigo uliokaa juani hadi saa nane mchana ukipimwa kwa ile isiyojirekebisha, briksi 18 ya kweli inaonekana 17 na kitu.

Namna ya kuhakiki kipimo chako bila fundi: weka tone la maji safi yasiyo na chumvi (yale yaliyotoneshwa ya kuongezea betri yanafaa, siyo asidi ya betri), lazima lisome 0. Kisha pima gramu 20 za sukari ya dukani, ziyeyushe kwenye gramu 80 za maji. Mchanganyiko huo ni briksi 20 kamili. Mizani yako ikiwa ya jikoni, tumia gramu 200 kwa 800 ili kosa la mizani lipungue. Kipimo kikisoma 18.5 hapo, umejua kinadanganya kiasi gani.

Kosa kubwa zaidi lipo kwenye sampuli. Mkono wa mtu huchuma punje nzuri, zile za juu ya kishada na za upande wa jua. Punje hizo zinaweza kuzidi shamba zima kwa briksi 2. Mkulima anapima nyumbani 19, kiwandani wanakamua kishada kizima wanapata 17, anaona ameibiwa. Chukua punje 100 hadi 200: mistari tofauti, pande zote mbili za mstari, juu, katikati na ncha ya kishada, na usichague. Zikamue zote, koroga, ndipo upime.

#4 Babu wa Bihawana

Jembe, mjukuu wangu, umesema msimu wa tatu hakupogoa. Hapo ndipo penye maumivu, tusipapite haraka.

Kishada utakachovuna msimu ujao hakianzi siku ya kupogoa. Kinaanzia ndani ya jicho, kwenye chipukizi la msimu huu, karibu na wakati wa maua. Jicho likipata jua na jani lililo jirani likiwa zima, linaweka vishada. Likikaa gizani chini ya majani mengi, au jani likiliwa na ubwiri (ugonjwa wa ukungu), linatoa tawi tupu.

Sasa mtu amekataliwa mwezi wa tatu. Amekasirika, ana haki. Hapigi dawa tena, maji anafunga, mbuzi wanaingia. Majani yanadondoka mapema. Msimu ujao anapogoa kwa moyo nusu, miti inatoa vishada vichache vibovu, anasema "mnaona, shamba limekufa". Shamba halikufa lenyewe. Wiki sita baada ya kuvuna ndizo mti unazoweka akiba kwenye shina na mizizi, na ndizo wiki ambazo mkulima aliyekataliwa hataki hata kuliona shamba.

Kwa hiyo ukitaka kung'oa, ng'oa. Ila usilihukumu shamba kwa mavuno yaliyofuata baada ya kulisusa.

#5 Jembe la Mpunguzi

Shikamoo babu. Hoja ya jicho naikubali, sikuiweka kwenye mizani. Lakini bado hamjaniambia kwa nini sukari ilikuwa ndogo msimu wa kwanza, kabla hajasusa.

#6 Fundi Waya

Vishada vingi mno. Naona watu watazunguka, ila kwa mashamba mengi ya huku sababu ni hiyo.

Sukari inatengenezwa na jani. Gramu 1 ya zabibu inahitaji takriban sentimita za mraba 10 hadi 12 za jani linaloona jua. Kishada cha gramu 200 kinataka sentimita 2,000 hadi 2,400. Jani la kawaida lina kama 120, maana yake majani 17 hadi 20 kwa kishada kimoja. Nenda shambani uhesabu. Utakuta tawi lina majani 15 na limebeba vishada viwili. Kila kishada kina majani saba na nusu. Hapo hata ungesubiri mwezi mzima, sukari inapanda kwa kujivuta na punje zinaanza kusinyaa.

Kinachofanyika: mtu anapogoa na kuacha macho mengi kwa sababu anataka tani. Tuchukue nafasi ya mita 3 kwa 2, ekari moja inaingia miti kama 670. Ukiacha vishada 40 vya gramu 200 kwa mti, hiyo ni kilo 8 kwa mti, zaidi ya tani 5 kwa ekari. Kama waya wako ni mmoja na matawi yameanguka chini yakifunikana, majani yanayoona jua hayawezi kulisha tani 5.

Dawa yake inauma: punje zikiwa saizi ya mbaazi, na kwa kuchelewa sana zinapoanza kubadili rangi, pita na mkasi. Tawi dhaifu lisibaki na kishada. Tawi la wastani libaki na kimoja. Vinavyokatwa vinaanguka chini, na mkulima aliyekataliwa jana hapendi kuona mazao yanaanguka chini. Ndiyo maana wengi hawafanyi, na ndiyo maana wanarudishwa tena.

#7 Mtaalamu wa Mizizi

#6 yuko sawa kwa sehemu kubwa. Kuna kipimo kinachokwenda na hoja yake: siku ya kuvuna pima uzito wa zabibu za miti 10, siku ya kupogoa pima uzito wa matawi uliyokata kwenye miti ileile, kisha gawanya. Jibu likiwa kati ya 5 na 10, mti uko sawa. Likizidi 10, umeubebesha. Likiwa chini ya 5, mti umekimbilia majani, yaani maji na samadi vimezidi.

Tahadhari: kipimo hicho kilitoka nchi za baridi ambako mzabibu unalala na kuvunwa mara moja kwa mwaka. Dodoma mti haulali, unavunwa mara mbili, na matawi ya msimu mmoja ni mafupi. Kitumie kulinganisha mstari na mstari, au msimu wako na msimu wako. Usikifanye sheria.

#8 Hombolo Chini

Wote mmepita pembeni ya maji. Mkulima anamwagilia hadi siku moja kabla ya kuvuna ili kreti ziwe nzito. Punje inavimba, sukari ileile inagawanywa kwenye maji mengi. Anauza uzito, kiwanda kinanunua sukari.

Punje zikishabadili rangi, punguza maji. Hesabu rahisi: jua la kiangazi likivuta milimita 5 kwa siku, mzabibu ukitumia kama asilimia 60 ya hizo, kwenye nafasi ya mita za mraba 6 unapata lita 18 kwa mti kwa siku. Hizo ni za wakati punje zinakua. Zikibadili rangi shuka kwenye lita 9 au 10, na wiki ya mwisho chini ya hapo.

#9 Mama Kreti

Hombolo Chini, nakupinga kwenye wiki ya mwisho. Kwenye kichanga cha Mbabala ukifanya hivyo majani ya chini yanageuka njano na kudondoka ndani ya siku nne. Jani likidondoka, kiwanda cha sukari kimefungwa. Ushauri wako unafaa kwenye mfinyanzi wenu unaoshika maji. Kwenye kichanga bakiza nusu hadi mwisho, na utoe kidogokidogo kila siku badala ya kumwaga mara moja kwa wiki.

#10 Hombolo Chini

Hapo nakubali, udongo hautofautishi mtaalamu na mgeni. Chimba kwa mkono sentimita 30, finyanga. Ukishikana kama mpira, subiri. Ukimwagika, mwagilia.

#11 Mtani wa Singida

Nimesoma #1 nikacheka kwa upendo. Eti alizeti haina mlango wa kukataliwa! Watani zangu wa Dodoma mnaionea alizeti kwa mbali. Leta mbegu zenye unyevu uone. Mnunuzi anaingiza mkono kwenye gunia, anauma punje moja, anakurudisha. Zikae kwenye unyevu wa asilimia 9 au 10, juu ya hapo zinaota ukungu ghalani na mafuta yanakuwa machungu. Ndege wanakula vichwa kabla hujavuna. Na mwaka ambao kila mtu amelima, foleni ya mashine inakuchosha na bei inakaa chini.

Vitunguu vyetu pia vinarudishwa: shingo mbichi, vimechipua, saizi ndogo. Hakuna zao lisilo na mlango. Kinachotofautiana ni kwamba alizeti iliyokataliwa unaianika upya, zabibu iliyokataliwa ina siku mbili.

#12 Jembe la Mpunguzi

Mtani umenikamata, nafuta sentensi ya "haina mlango". Ila mstari wako wa mwisho unanisaidia mimi: siku mbili. Hapo ndipo mkulima anavunjika. Afanye nini na tani iliyo juu ya gari?

#13 Siki na Mchuzi

Hapa naweza kusaidia, maana zabibu yenye briksi 15 au 16 haifai divai ya kiwango, lakini kwa siki inafaa kabisa.

Kanuni: briksi moja inatoa kama asilimia 0.55 ya kilevi, na asilimia 1 ya kilevi inatoa karibu asilimia 1 ya asidi ya siki. Mchuzi wa briksi 16 unatoa kilevi cha 8.8. Siki inataka uanzie 6 hadi 7. Kwa hiyo lita 100 za mchuzi uliokwisha kuchacha unaongezea kama lita 35 za maji yaliyochemshwa na kupoa, unafika 6.5.

Hatua: ponda, weka kwenye ndoo ya plastiki ya chakula, isijae kuzidi robo tatu kwa sababu povu litapanda. Hamira ya divai gramu 20 kwa lita 100. Funika bila kubana. Siku 7 hadi 10 uchachu wa kwanza unaisha. Kamua, chuja, ongeza maji, halafu mimina siki mbichi isiyochemshwa kama sehemu 1 kwa 5. Hapo sasa unataka hewa: chombo chenye mdomo mpana, kimefunikwa kitambaa kizito kuzuia vijinzi, kivulini, nyuzi 25 hadi 30. Utando utajitengeneza juu. Usiukoroge. Wiki 4 hadi 8.

Inapoharibika: (a) mtu ameweka potasiamu metabisalfaiti kwa mazoea ya kuhifadhi mchuzi, inaua bakteria wa siki; (b) ametumia sufuria ya alumini, asidi inaila; (c) amefunga mfuniko kabisa, haigeuki; (d) kilevi kiko juu ya 9, bakteria wanalegea.

Ukitaka kuiweka dukani, bidhaa isajiliwe TBS (shirika la viwango), na SIDO (shirika la viwanda vidogo) wanasaidia mafunzo ya usindikaji na vifungashio. Usisubiri siku ya kukataliwa ndipo uanze kutafuta ndoo.

#14 Mzabibu Mkavu

Na zabibu kavu je? Wengi hukimbilia huko. Jua la Dodoma tunalo.

#15 Siki na Mchuzi

Kwa zilizokataliwa sukari, hapana. Zabibu kavu inabaki na maji kama asilimia 15. Zabibu ya briksi 20 inahitaji kilo 4.25 kupata kilo moja kavu. Ya briksi 16 inahitaji kilo 5.3, na inatoka nyembamba, chachu, yenye mikunjo mikali. Tena aina zetu za divai, Makutupora nyekundu na Chenin Blanc, zina mbegu, mlaji anatema. Zilizokataliwa kwa sababu nyingine, kwa mfano kiwanda kimejaa, hizo zianike.

#16 Nguzo ya Mgunga

Asante #15 kwa kugusa hilo. Uzi mzima mnajadili sukari kana kwamba mlango hufungwa kwa sukari tu. Mimi nasema mara nyingi matangi yamejaa. Miti mingi inapogolewa wiki moja, inakomaa wiki moja, inafika mlangoni wiki moja. Kiwanda kinachopokea kwa uwezo wa matangi yake lazima kichague, na kikiwa na mzigo mwingi kinapandisha kiwango. Briksi 17 iliyopokelewa mwanzoni mwa msimu inarudishwa katikati ya msimu. Zabibu ni ileile.

Kama ndivyo, kupunguza vishada na kufunga maji havimsaidii mtu. Kinachomsaidia ni kupogoa nusu ya shamba leo na nusu nyingine siku 15 baadaye, na kuwa na makubaliano ya maandishi kabla ya maua: kilo ngapi, briksi ngapi, tarehe zipi, nani anabeba hasara ya gari kusubiri.

#17 Fundi Waya

Mgunga, hoja nzuri, lakini ukiwa na briksi 20 huna haja ya kuogopa kiwango kupanda. Aliye ukingoni ndiye anayeanguka mstari unaposogezwa.

#18 Nguzo ya Mgunga

Na kilo zake zikipungua nusu kwa kufuata mkasi wako, bei ikabaki ileile kwa kilo? Nani anamlipa zile briksi 2 za ziada? Pasipo bei inayopanda na sukari, mkulima anayebeba vishada vingi hajakosea hesabu. Amejibu bei aliyopewa.

#19 Mtaalamu wa Mizizi

Hilo swali la #18 ni zito, sitajifanya nina jibu lake. Narudi shambani kwa vitu viwili ambavyo havijatajwa.

Kwanza majani yenye ugonjwa. Ubwiri unga unaonekana kama jivu juu na chini ya jani, punje zinapasuka. Ubwiri vinyoya unaanza na madoa ya njano kama mafuta juu ya jani, ukigeuza unakuta pamba nyeupe chini. Wa kwanza anapenda hewa yenye unyevunyevu na kivuli hata bila mvua, wa pili anataka jani lilowe. Watu wanapiga dawa moja kwa yote mawili, wanashangaa. Salfa ni ya ubwiri unga. Haitibu vinyoya, huko ni dawa za shaba na nyinginezo. Salfa usiipige joto likizidi nyuzi 32, inaunguza majani, na acha kabisa wiki kadhaa kabla ya kuvuna kwa kadiri ya lebo, la sivyo mchuzi ukichacha unatoa harufu ya yai bovu. Mzigo unaweza kukataliwa kwa hilo hata ukiwa na briksi 21.

Pili chumvi. Visima vingi vya Dodoma vina maji ya chumvi. Ukiona kingo za majani zimekauka kahawia huku katikati ni kijani, pima maji. Yakizidi desisimensi 1 kwa mita (kipimo cha chumvi kwenye maji), mzabibu unaanza kudumaa, na hapo unaweza kupogoa kitaalamu miaka mitano bila mafanikio. Usimwagilie kwa kurusha juu ya majani. Toa asilimia 15 hadi 20 zaidi ya mahitaji mara moja moja ili chumvi isukumwe chini ya mizizi. Kama udongo haupitishi maji, chumvi itarudi juu.

#20 Mzabibu Mkavu

Sasa kuna maji mengi, maji machache, chumvi, vishada, ubwiri, kipimo, matangi. Sababu saba kwa neno moja la mlangoni!

#21 Binti Veyula

Ya nane: kuchuma mapema. Jirani akishavuna, ndege wote wanahamia kwako, na wezi pia. Mkulima mwenye ekari moja katikati ya mashamba yaliyokwisha kuvunwa hawezi kungoja siku tano za #2. Wiki za mwisho kukiwa na jua sukari hupanda briksi 1 hadi 2 kwa wiki, kwa hiyo siku tano ni kitu kikubwa. Ila siku tano za ndege nazo ni kitu kikubwa. Nyavu, au mstari mzima mkubaliane siku ya kuvuna.

Na uvunaji wenyewe. Anza saa kumi na moja alfajiri, maliza saa tatu. Kreti zenye matundu, kilo 20 zisizidi. Viroba hapana, za chini zinapondeka, mchuzi unavuja, uchachu unaanza njiani. Sukari iliyoanza kugeuka kilevi haisomeki tena sawasawa kwenye refraktomita, na harufu ya siki ikisikika mlangoni hakuna atakayejali namba.

#22 Babu wa Bihawana

Binti umesema vema. Naongeza: msimu. Mavuno ya mwezi wa tatu na wa nne yanakutana na mvua. Punje zinakunywa, zinapasuka, ubwiri unakuja, sukari inashuka. Mavuno ya kiangazi, mwezi wa nane na wa tisa, mtu akiwa na maji ya kumwagilia, yana sukari nzuri zaidi kwa mti uleule. Anayekataliwa mara mbili, tumuulize kwanza: zote mbili zilikuwa za masika? Kama ndiyo, huyo hajakataliwa mara mbili. Amefanya mtihani mmoja wakati mgumu mara mbili.

Jembe, hesabu yako ya "mara mbili" irekebishe. Mara mbili za msimu upi?

#23 Jembe la Mpunguzi

Nairekebisha, babu. Na nisahihishe kingine: nilisema mfululizo kana kwamba mavuno ya masika na ya kiangazi ni mtihani uleule.

Bado nina shaka moja kubwa. Sababu nane mmezitaja. Mkulima mwenye pesa ya msimu mmoja tu hawezi kujaribu nane. Aanze na ipi?

#24 Kipimo Sahihi

Aanze na zisizogharimu. Sukari gramu 200, maji gramu 800, ahakiki kipimo. Kisha agawe shamba: miti 10 apunguze vishada kwa mkasi wa #6, miti 10 apunguze maji kwa hesabu ya #8, miti 10 afanye vyote viwili, miti 10 aache kama kawaida yake. Afunge kamba za rangi tofauti. Kuanzia punje zinapobadili rangi apime kila baada ya siku 4, saa moja asubuhi, aandike kwenye daftari.

Miti ya mkasi ikipanda na ya maji isipande, amejua. Zote zikibaki chini, atazame majani na maji ya kisima. Zote zikifika 20 na bado akarudishwa, basi Mgunga ana haki na tatizo liko barabarani, siyo shambani.

#25 Nguzo ya Mgunga

Hapo nimekubali kuhukumiwa na daftari. Ila akifika 20 na kurudishwa, msimwambie tena "vumilia".

#26 Mtaalamu wa Mizizi

Kabla hamjafunga: kama aina yenyewe ndiyo haitakiwi na mnunuzi wa karibu, bado si lazima kung'oa. Mizizi ya miaka kumi ni mali. Kata shina sentimita 50 hadi 60 kutoka ardhini, lipasue katikati, chonga kikonyo (kipande cha tawi la aina unayoitaka) chenye macho 2 kwa umbo la kabari, kipachike kwenye shina ukihakikisha ngozi ya kijani ya ndani ya kikonyo inagusana na ya shina upande mmoja, funga kwa utepe wa plastiki, ziba kwa nta. Mzabibu hutoa maji mengi ukikatwa, yanasukuma kikonyo nje. Kata shina siku chache kabla, au chanja mikwaruzo miwili chini ya shina maji yatokee huko. Nguzo na waya zinabaki palepale, na unarudi kwenye mavuno mapema kuliko mche mpya.

#27 Fundi Waya

Kikonyo ukakipate wapi kisicho na ugonjwa?

#28 Mtaalamu wa Mizizi

Anza kwa kuuliza kituo cha utafiti cha TARI Makutupora, ndiko kazi ya zabibu inakofanyika. Kikonyo kiwe unene wa penseli, kimekomaa rangi ya kahawia, kikatwe asubuhi, kifungwe kwenye gunia lililoloweshwa, kisilale zaidi ya siku moja au mbili.

#29 Binti Veyula

Jembe, yale mashamba ya Mpunguzi yaliyogeuka vichaka, mashina bado ni mabichi ukikwaruza kwa kisu?

#30 Jembe la Mpunguzi

Mengi ni kijani ndani, binti. Mawili nimekwaruza leo jioni ni kijani hadi chini. Mchwa wamekula nguzo, mashina hawajayagusa. Wenye mashamba wako tayari kuja Jumamosi na mkasi. Nani ana refraktomita iliyohakikiwa, na kamba za rangi nne?

#31 Kipimo Sahihi

Refraktomita ninayo. Kamba leteni nyie, na gramu 200 za sukari.